Gurudumu Alilolifunga Kambo

Mantapala, 9 Februari 2025

Kwa babu yangu, Kambo Léopold, bwana wangu wa kwanza, huko Kilwa,

Salamu zitangulie kabla ya maneno yote, zikukute umekula na kile kikohozi kimekuacha. Sisi huku kambini tuko wazima. Mama anakusalimu sana, anasema binti yako hajakusahau hata kama wewe umezoea kukaa ng'ambo ya ziwa peke yako kama padri. Nguruwe wa jirani alikula mihogo ya shamba la chini. Mama alikwenda kwa jirani huyo mara mbili, kwanza na maneno, kisha na fimbo, na sasa nguruwe amefungwa. Mdogo wangu Ben ameanza kusoma kwa Kibemba na Kiingereza. Akirudi nyumbani anatusalimu "mulishani" kama mtu wa serikali, na mama anamjibu kwa Kiswahili makusudi. Wavuvi bado wanangoja ziwa lifunguliwe kwa uvuvi mwezi wa tatu, kwa hiyo samaki wabichi hakuna. Tunakula sombe ya majani ya mihogo asubuhi na jioni.

Tulisikia simu yako ilianguka ziwani ulipokuwa ukimwonyesha mtu picha. Pole, kambo. Mama Simone, yule mfanyabiashara wa samaki, anavuka kila anapopata mzigo, na amekubali kuwa posta yetu.

Sasa jambo lenyewe. Unamkumbuka Pieter, muzungu wa visima niliyekuwa nikimtafsiria? Amerudi kwao Ubelgiji na ameniachia baiskeli yake. Si ya mizigo, wala si ya barabara ya lami. Kwao wanaiita siklokrosi. Wanashindana kwenye matope na mchanga, na mahali baiskeli inaposhindwa unaruka chini, unaibeba begani, unakimbia nayo, kisha unapanda tena bila kusimama. Usukani wake umepinda kama pembe za kondoo, na tairi zake ni nyembamba lakini zina meno.

Tarehe kumi na nne mwezi wa sita kuna mashindano ya namna hiyo Nchelenge, kando ya ziwa. Anayeyapanga ni Rodwell wa Mansa, mwenye kikundi cha waendesha baiskeli. Wasichana watatu wa kwanza watapelekwa Ndola kukaa na timu msimu mzima, kula na kulala kwa gharama ya timu. Kambo, nataka kwenda. Nimeandika wazi usije ukadhani ni mchezo wa watoto. Nina miaka ishirini na mbili, na tangu tufike hapa sijataka kitu namna hii.

Shida ni gurudumu la nyuma. Niliingia kwenye shimo karibu na daraja na sasa limepinda, linagusa fremu kila likizunguka. Mafundi wa hapa wanaliogopa. Nimempa Mama Simone akuletee. Linyooshe tu, kambo.

Mjukuu wako na mke wako mdogo,
Chouchou


Kilwa, 2 Machi 2025

Muke wangu Chouchou, unayenikimbia na baiskeli ya mwanaume mwingine,

Nimepokea salamu zako na nimezirudisha mara mbili, moja yako, moja ya mama yako Mathilde. Mwambie kwamba mimi si padri, padri anapikiwa. Kikohozi kimeondoka, kimeniachia mgongo. Upepo umechukua mabati ya kanisa upande wa kwaya, na mvua ikianza wanaimba haraka haraka hata nyimbo za mazishi. Niambie pia kama Ben bado ananyonya kidole, maana mtu wa serikali hafanyi hivyo.

Nimesoma kwamba mkifika kwenye matope mnaibeba baiskeli begani. Nikamsomea Katongo, jirani yangu. Alicheka hadi akakaa chini. Aliniuliza, "Kambo, sasa ile kinga, ile baiskeli, njo inapanda mutu?" Lakini ukisema unataka kwenda Ndola, basi utakwenda, nami nitakuwa na sababu ya kujivuna sokoni.

Gurudumu nimelipokea. Ulisema nilinyooshe tu. Mtoto, nililitazama nikaona huruma. Rayo zake, zile njiti za chuma, ni nyembamba kama nyuzi za kushonea. Yule muzungu alikuwa akikaa juu ya nini? Mtoto wa Mathilde hawezi kukaa juu ya kitu kama hiki. Nimezitoa zote, nimetoboa matundu upya, na nimetia rayo nene, zile tunazowafungia watu wa makaa wanaoshuka milimani na magunia manne. Sasa hata ukilibebesha ng'ombe halipindi. Muulize mtu yeyote kutoka hapa mpaka Kasenga kama amewahi kuona gurudumu la Léopold limepinda.

Nilipomaliza nililipulizia maji kutoka kinywani, kama baba yangu alivyofanya, nikalitajia jina lako. Unajua kwetu: kazi aliyoifunga mkubwa na kuitajia jina haifunguliwi mpaka mwenyewe aseme. Kwa hiyo usimpe fundi yeyote wa Nchelenge aliguse.

Tairi zijaze upepo mpaka kidole gumba kikatae kuingia. Mtu anayeendesha tairi laini anaomba kuanguka.

Bwana yako asiye na wivu, ila kidogo,
Léopold


Mantapala, 23 Machi 2025

Kambo wangu mpendwa,

Amani ya Bwana iwe pamoja nawe na mgongo wako. Ben haachi kidole, anakificha tu. Mama amevuna karanga, sasa nyumba nzima inanuka karanga na vumbi lake. Mungu amekubali ziwa lifunguliwe, na Mama Simone alipokuja na gurudumu lako alikuja pia na dagaa wa chisense gunia zima.

Gurudumu limefika. Asante sana. Ni la nguvu, nguvu kabisa. Nililifunga mchana uleule na linaingia vizuri. Nikipanda najua kwamba lipo. Mama amelitazama akasema kazi ya baba yake inajulikana hata bila kuambiwa. Kila kitu ni vizuri.

Nakueleza ninavyoitunza baiskeli, najua utapenda. Kila nikitoka mazoezini ninaiosha kabla matope hayajakauka. Ninasugua mnyororo kwa mswaki wa zamani wa Ben (Ben anadai ulikuwa bado mpya), ninaukausha kwa kitambaa, kisha ninatia tone moja moja la mafuta na kufuta yanayozidi, maana mchanga wa hapa unapenda mafuta. Breki zake zinabana sahani ya chuma iliyo katikati ya gurudumu, na mchanga unazila upesi, kwa hiyo ninazifungua na kuzitazama kila Jumamosi. Pieter aliniachia pakiti mbili. Kiti nimekishusha kidogo ili niweze kuruka juu yake nikitoka kukimbia. Mara za kwanza niliruka nikakosa kiti, na mahali nilipokaa sitakuandikia.

Tarehe kumi na saba mwezi wa tano tutakuwa na mbio ndogo za kujipima. Rodwell anataka kuona nani ni nani. Tairi nazijaza kama ulivyosema. Vizuri sana, kambo, usiwe na wasiwasi.

Mjukuu wako,
Chouchou


Kilwa, siku ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Chouchou muke wangu,

Kristo amefufuka, na mabati ya kanisa pia, tumeyapigilia juzi. Mimi nimepigilia manne, kisha vijana wakaniambia, "Aksanti, kambo, umefanya vizuri, shuka upumzike." Nilishuka. Nilipogeuka niliwaona wanang'oa misumari yangu na kuipigilia upya. Niliangalia upande wa ziwa.

Nimekula kuku wa Pasaka kwa mke wa Katongo. Nawatakia ninyi kuku mnene kuliko wangu.

Sasa, barua yako. Uliniandikia sana juu ya mnyororo, breki, kiti na mswaki wa Ben. Nilifurahi, nikaona una mikono ya ukoo. Lakini juu ya gurudumu uliandika "vizuri", kisha "vizuri", kisha ukarukia mambo mengine. Mimi nilingoja habari zake. Nataka kujua linafanyaje kwenye mchanga. Linaimba? Linavuta upande? Linakuchosha? Fundi anataka kusikia kazi yake inasema nini ikiwa mbali naye.

Jambo lingine. Mama Simone anasema alikuona na kitambaa gotini. Nilipomuuliza zaidi akaanza kunieleza bei ya chisense. Mwanamke yule haongei bei mpaka aulizwe. Umeanguka? Andika.

Bwana yako,
Léopold


Mantapala, 4 Mei 2025

Kambo,

Tumshukuru Mungu kwa Pasaka na kwa mabati. Hatukupata kuku, tulipata samaki mkubwa, pale, wa kukaanga, na Ben alikula kichwa chake chote hadi macho. Mama ana homa kidogo lakini anatembea. Anakuomba tena uje ukae nasi, upumzike. Nafasi ipo.

Goti ni jambo dogo. Niliteleza. Wanaoendesha siklokrosi wote wanateleza, hata Pieter alikuwa na makovu. Gurudumu halina shida, kambo. Nina mbio za kujipima karibuni, wacha niandike kifupi.

Chouchou wako


Mantapala, 19 Mei 2025

Kambo wangu,

Safari hii nakusalimu kwa unyenyekevu. Mama amepona homa. Ben yuko. Mengine ya nyumbani nitayaandika siku nyingine, maana nikianza nayo nitajificha humo tena.

Nimekudanganya tangu mwezi wa tatu.

Gurudumu lako ni zito. Mama Simone alipolishusha kutoka kichwani aliniuliza, "Mutoto, hii roue iko na mutu ndani?" Tulicheka, kisha mama akanikatiza: "Usimuvunje mukubwa moyo. Andika vizuri." Nikaandika vizuri. Nilidhani nitalizoea. Kwenye barabara ngumu linakwenda, tena linakwenda kama mfalme. Lakini kwenye mchanga wa ufukweni linazama, na tairi nilizozijaza hadi kidole gumba kikatae zinachimba mtaro badala ya kupita juu. Ndivyo nilivyoanguka, si mara moja. Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu, nikakaribia kulivunja guu hilohilo.

Jumamosi tulishindana. Wasichana tulikuwa kumi na mmoja. Rodwell ametega magogo kwenye njia, na kuna mahali pa matope meusi karibu na mitumbwi ambapo ni lazima uibebe baiskeli. Nilipoiweka begani upande wa nyuma ulinivuta chini. Chisomo wa Kashikishi alinipita, kisha wengine, kisha hata yule msichana aliyeazima baiskeli ya mchungaji. Nikamaliza wa mwisho. Watu walinipigia makofi kwa huruma, kambo, na makofi hayo yaliniuma kuliko goti.

Rodwell alikuja akalinyanyua gurudumu kwa mkono mmoja, akalirudisha chini. Kiswahili chake ni cha sokoni tu. Akasema, "Sister, hii iko ya kubeba magunia ya makala. Iko muzuri. Lakini huku hatubebe makala." Ana gurudumu jingine, jepesi, la baiskeli ya zamani iliyovunjika, na linaingia kwenye yangu. Alitaka kulibadilisha palepale. Nilishika mkono wake. Nilimwambia kwamba hili limefungwa na kambo na lina jina langu, siwezi kulifungua mpaka yeye aseme. Alinitazama kama mtu mwenye wazimu, lakini Taonga, msaidizi wake, ni mtu wa Mwansabombwe, akamwambia, "Mwache, hata kwetu ni hivyo."

Pia jana nilipunguza upepo wa tairi, kidogo kidogo, mpaka kidole gumba kikaingia. Baiskeli ilipita juu ya mchanga. Nilifurahi, kisha nikaona aibu kama nimekuibia, nikazijaza tena. Unaona nimefika wapi?

Kambo, nakupenda, na kazi yako naiheshimu. Lakini kwa gurudumu hili sifiki Ndola. Sema neno nilifungue. Au sema nisilifungue, nami nitatii, nitashindana nalo hivyohivyo. Ila sema.

Chouchou


Mantapala, 3 Juni 2025

Kambo,

Sijapata jibu. Mama Simone hajarudi, wengine wanasema upepo wa kusini umechafua ziwa, wengine wanasema yuko Kilwa anangoja mzigo. Nakusalimu hata hivyo. Mama amejua niliyokuandikia na hasemi nami vizuri. Ananiwekea ugali wa bukari mezani na kuondoka.

Gurudumu la Rodwell nimelileta nyumbani. Limening'inia kwenye msumari mlangoni. Ben ananiuliza kila siku kama leo tunalifunga, namwambia bado. Nafanya mazoezi na lako, tairi ngumu, kama ulivyosema.

Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika. Nitapokea.

Chouchou


Kilwa, 6 Juni 2025

Chouchou,

Salamu kwenu nyote. Mama Simone alizuiwa na upepo, ndiyo maana barua yako ya tarehe kumi na tisa nimeipata kwa kuchelewa. Kama uliandika nyingine baada yake, bado haijafika. Anarudi kesho alfajiri, kwa hiyo naandika upesi na mwandiko ni mbaya.

Siku niliyoisoma nilikasirika. Nilitupa spana nje. Kisha nilitoka kuitafuta, kwa sababu ninayo hiyo moja tu. Nilijisemea, huyu mtoto wa juzi ambaye nilimfundisha kuziba tobo, leo ananiambia gurudumu langu linazama. Sikula jioni. Mke wa Katongo alileta chakula, nikamwambia nimeshiba.

Kesho yake nilikwenda kwenye mchanga nyuma ya soko na baiskeli ya kanisa. Niliijaza hadi gumba likakataa, nikaanguka. Mzee wa umri wangu, mbele ya wauza samaki. Nikaamka, nikapunguza upepo kama ulivyoandika, nikapanda tena. Ilipita. Nilikwenda mpaka kwenye mitumbwi na kurudi, na mmoja wa wauza samaki akaniita, "Kambo, unaenda wapi na upepo kidogo hivo?" Nikamwambia ninaenda Ndola.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikutaka kukuandikia. Kazi imenikimbia, Chouchou. Watu wananiletea magurudumu, nikimaliza wanasema "muzuri sana, kambo", kisha wanazunguka nyuma ya nyumba kuyapeleka kwa kijana wa kule kwenye pikipiki ayafunge upya. Katongo mwenyewe, ninayekula kwake, nilimwona. Alikuwa amelifunika gurudumu kwa kitenge cha mke wake ili nisilione. Nilimsalimu, naye akanisalimu, na lile gurudumu likiwa kati yetu limevaa kitenge. Hakuna hata mmoja anayeniambia nimekosea wapi. Nikijua nitarekebisha. Lakini wananipa "vizuri", na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mtu mzima akianza kuambiwa vizuri kwa kila kitu, ajue hawamtegemei tena. Wamemweka kando kwa heshima.

Ndiyo maana "vizuri" zako zilinitia baridi. Nilisema, basi, hata huyu. Na barua hii ya mwisho, baada ya hasira kuondoka, nimeisoma kila siku. Umeniambia ni zito, umeniambia linazama wapi na kwa nini, na ukaniomba ruhusa. Hakuna aliyeniheshimu hivyo mwaka huu.

Sikiliza sasa. Leo asubuhi, Mama Simone akiwa shahidi, nimechukua maji kinywani nikayatema chini, nikalitaja jina lako. Nimesema. Lifungue. Funga la Rodwell, punguza upepo, ukimbie. Langu usilitupe, na usilitundike ukutani kama picha ya marehemu. Mpe Mathilde alifunge kwenye baiskeli ya mihogo, pale litajua kazi yake.

Ukimaliza mbio niandikie yote kama yalivyokuwa. Neno "vizuri" sitaki kuliona.

Léopold wako


Mantapala, 16 Juni 2025

Kambo wangu, bwana wangu,

Salamu. Barua yako ilifika Jumatatu iliyopita, na mama alipoisoma alikaa kwenye kinu akalia, kisha akaenda mwenyewe kuleta spana. Tulilifungua gurudumu lako sote watatu. Ben alishika taa ingawa ilikuwa mchana. Baiskeli ya mihogo sasa ina gurudumu lako, na mama amebeba juu yake magunia ambayo yule jirani, baba wa nguruwe, alikuja kuyashangaa.

Nimekuwa wa nne. Wanaenda watatu.

Nakuandikia yote kama ulivyotaka. Nilianza vizuri (neno hili ni la kweli safari hii, uniruhusu). Kwenye mchanga niliwapita wengi, tairi zilikuwa laini na gurudumu lilikuwa jepesi, sikuamini ni baiskeli ileile. Kwenye matope meusi niliibeba bila kuyumba. Tulipoingia mzunguko wa mwisho nilikuwa wa pili nyuma ya Chisomo, na nilisikia Ben anapiga kelele hadi sauti yake inakatika.

Kisha magogo. Unatakiwa kushuka ukiwa bado unakwenda, mguu mmoja unapita nyuma ya mwingine, na kufika kwenye gogo tayari unakimbia. Nimelifanya mara nyingi. Siku hiyo niliogopa. Nilikumbuka goti, nikashika breki mapema, nikasimama kabisa. Wawili walinipita pale nilipokuwa nimesimama. Nilikimbiza hadi mwisho nikakosa kwa urefu wa baiskeli moja.

Si gurudumu lako wala la Rodwell. Si upepo, si breki, nilikuwa nimezitazama asubuhi. Ni mimi. Rodwell amesema mwakani kuna mbio tena, amesema nina miguu. Mama amesema wa nne kati ya kumi na mmoja ni baraka. Mchungaji amesema vizuri sana, dada. Kila mtu ananiambia vizuri, kambo, na sasa najua ulikuwa unasikia nini. Imeniuma sana. Nimelia tangu Jumamosi, nalia hata nikiosha baiskeli, na sijui nitajifunzaje kutoogopa gogo.

Wewe niambie. Usinibembeleze.

Chouchou


Kashikishi, sokoni, 21 Juni 2025

Chouchou muke wangu,

Dereva wa basi dogo anayeleta kikaratasi hiki anaitwa Chewe, mpe maji ya kunywa. Mathilde na Ben wasalimie.

Wa nne ni wa nne. Ulishika breki mahali ambapo hazishikwi. Aliyeogopa mara moja ataogopa tena mahali palepale mpaka afundishwe, na kwa barua sitaweza, kwa sababu sijawahi kuona mtu akishuka kwenye baiskeli inayokwenda huku miguu imepishana. Mlipokuwa mkiniita nije kupumzika nilikataa, mtu hapumziki kwa watu. Lakini hii ni kazi.

Nimevuka asubuhi. Ziwa lilikuwa baya, nimetapika mbele ya Mama Simone na sasa anajua kila kitu changu. Nimekaa kwenye meza yake ya chisense na mfuko wangu wa spana. Wanataka kunipakia kwenye gari kuja huko, nimekataa.

Njoo unichukue wewe. Njoo na baiskeli hiyo, upite ufukweni kwenye mchanga. Si kwa kunibeba, ukishafika nitatafuta usafiri wangu. Nataka kukuona ukija.

Léopold